Insha ya Fasihi ya Kiingereza Chuoni: Mwongozo Kamili kwa Anayeandika Muhtasari au Mahubiri Bila Kujua

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili anayesoma fasihi ya Kiingereza na uandishi katika chuo cha Kikristo hapa Dar es Salaam, ambaye insha zake zinarudi na alama za kuponea sapu (mtihani wa marudio) na wino mwekundu wa aina mbili: "umesimulia, hujachambua", au "haya ni mahubiri".

Chanzo kinajulikana. Mitihani ya kidato cha sita ilimzoesha kuchukua vitabu viwili, kutoa hoja tatu kwa kila kimoja, kisha kufunga na hitimisho. Fasihi ya Kiswahili ikamwongezea orodha ya fani na maudhui: dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, kila kipengele na aya yake. Kanisani akajifunza jambo la tatu, yaani kusoma mstari, kuueleza, kisha kuutumia maishani. Kila ujuzi una mahali pake. Insha ya chuo, hata hivyo, inataka kitu ambacho hakimo katika yote matatu: dai moja kuhusu matini, ambalo mtu mwenye akili anaweza kulipinga, na ambalo unalithibitisha kwa maneno ya matini yenyewe.

Tutatumia shairi moja tangu mwanzo hadi mwisho: soneti ya John Donne inayoanza "Death, be not proud". Ina mistari 14 tu, ina harufu ya Maandiko kila upande, na kwa sababu hiyo ndiyo inayowaangusha wengi. Hatua ni zilezile kwa riwaya na tamthilia.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Matini ya shairi kutoka toleo alilotaja mhadhiri, nakala mbili zilizochapwa zenye nafasi pana kati ya mistari. Moja ya kuchorachora, moja safi.
- Penseli, kalamu za rangi mbili, na daftari la kazi hii peke yake.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza. Ile ya Kiingereza kwa Kiswahili iwe msaidizi tu, maana inakupa neno mbadala lakini haikuonyeshi vivuli vya maana. Kwa maneno ya zamani, kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 inapatikana bure mtandaoni.
- Biblia mbili: Union Version ya Kiswahili kwa ajili ya kutafuta haraka, na King James ya Kiingereza kwa ajili ya kunukuu.
- Karatasi ya swali pamoja na muhtasari wa kozi. Humo ndimo mlimoandikwa mtindo wa marejeo, idadi ya maneno na adhabu ya kuchelewa.
- Siku 14. Insha ya maneno 1,500 inaweza kuandikwa usiku mmoja, na msahihishaji hujua ipi iliandikwa hivyo.

Kama bando au umeme ni tatizo nyumbani, Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed ina utulivu ambao hosteli haina. Vitabu vingi vya zamani vya Kiingereza havina hakimiliki tena na vinapakuliwa bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Pakua siku ukiwa na intaneti ya chuo, usome baadaye nje ya mtandao.

Hatua ya 1: Lichane swali (siku ya 1)

Liandike swali kwa mkono juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Zungushia kitenzi. "Analyse" inakutaka uonyeshe jinsi sehemu zinavyofanya kazi pamoja. "To what extent" inakutaka upime, na jibu lake haliwezi kuwa "kabisa" bila kujadili upande wa pili. "Compare" haikupi ruhusa ya kuandika nusu insha juu ya shairi A na nusu juu ya shairi B.

Tuseme swali letu ni hili, kwa Kiswahili: *Je, nafsineni (yule anayesema ndani ya shairi) wa soneti hii anaishinda Mauti kwa hoja?*

Pigia mstari neno linalobeba uzito. Hapa ni "kwa hoja". Anayeliruka neno hilo ataandika kurasa tano kuthibitisha kwamba Kristo ameshinda mauti. Hilo halikuulizwa, na msahihishaji wa chuo cha Kikristo hana ubishi nalo.

*Umefaulu ikiwa* unaweza kumweleza mwenzako wa chumbani swali kwa sentensi moja bila kutazama karatasi.

Hatua ya 2: Soma mara nne, kila mara kwa kazi yake (siku ya 2 na 3)

Mara ya kwanza soma kwa sauti, bila kalamu. Shairi la Kiingereza cha karne ya 17 linaeleweka sikioni kabla ya machoni.

Mara ya pili fuata sentensi, siyo mistari. Weka mkwaju (/) mwekundu kila mahali sentensi inapoisha. Utagundua mistari mingi ni mishata: maana haiishii mwisho wa mstari, inamwagikia unaofuata. Wanafunzi wengi husoma mstari wa 3 na kusimama, wakati kitenzi chake kikuu, "die not", kiko mwanzoni mwa mstari wa 4. Ndiyo maana wanaandika kwamba Mauti "inawaangusha" watu. Shairi linasema kinyume: wale ambao Mauti inadhani inawaangusha hawafi.

Mara ya tatu andika kwa Kiswahili, pembeni, kila sentensi inadai nini. Kiswahili cha kawaida, cha kumwelewesha mdogo wako. Kazi hii haiingii kwenye insha. Unaifanya kwa sababu mtu akifikiri kwa lugha anayoimudu hujua mara moja wapi hajaelewa. Ukiweka Kiingereza cha shairi juu ya Kiingereza chako, giza linafichika.

Mara ya nne tafuta kinachokusumbua: neno linalojirudia, hoja inayogongana na nyingine, sauti inayobadilika ghafla. Weka alama ya kuuliza. Katika soneti hii, alama tatu za kuuliza zinatosha kuzaa insha nzima:

Mstari wa 5 na 6 unasema usingizi ni picha ya Mauti, na kwa kuwa usingizi una raha, Mauti yenyewe lazima iwe na raha zaidi. Lakini mstari wa 11 na 12 unasema dawa ya usingizi na uganga hutulaza vizuri kuliko pigo la Mauti. Sasa Mauti ni tamu kuliko usingizi au ni dhaifu kuliko kasumba, ile dawa ya usingizi?

Mstari wa 4 unaiita "poor Death". Masikini. Huruma hiyo ni ya kweli au ni kejeli?

Mstari wa 2 unasema Mauti si ya kutisha. Mstari wa 14 unaitishia Mauti kwa nini? Kwa kufa. Kama kufa hakutishi, tishio hilo lina nguvu gani?

*Kinachoharibika hapa:* mwanafunzi akikuta mgongano hudhani hajaelewa, anauruka na kwenda kutafuta madesa ya waliomtangulia. Mgongano ndio mlango wa insha. Ung'ang'anie.

Hatua ya 3: Peleleza maneno manne (siku ya 4)

Chagua maneno manne, yasizidi sita. Kwa kila moja andika maana ya kawaida, maana ya wakati wa mwandishi, na kwa nini si neno jingine.

Chukua "thou". Aliyekulia na King James anaamini hili ni neno la heshima kuu, kwa kuwa ndivyo Mungu anavyoitwa humo. Katika Kiingereza cha wakati wa Donne, "thou" ilikuwa ya kumwita mtu wa karibu, mdogo wako au uliye juu yake, na "you" ndiyo iliyokuwa ya adabu kwa mkubwa. Mungu aliitwa hivyo pia, na mashairi yalizoea kuvisemesha vitu kwa neno hilohilo, kwa hiyo usiligeuze neno moja kuwa ushahidi wa kila kitu. Lakini liweke karibu na "be not proud" na "poor Death", na unasikia mtu anayekataa kutoa shikamoo. Kwa Mswahili picha hiyo ni nyepesi mno kuielewa. Tumia faida hiyo, kisha iandike kwa Kiingereza cha kitaaluma: nafsineni anaishusha Mauti cheo kwa namna anavyoiita.

Istilahi ulizojifunza kwenye fasihi ya Kiswahili zinafanya kazi hapa vilevile. Kuisemesha Mauti ambayo haiwezi kujibu ni ritifaa. Kuipa kiburi ni tashihisi. Tafuta jina la Kiingereza la kila moja, andika kwenye daftari, halafu jiulize swali ambalo orodha ya fani haikuulizi: *ritifaa hii inamfaidia nini nafsineni?* Jibu moja ni kwamba katika mjadala ambao mpinzani hajibu, kushinda ni rahisi. Hapo tayari umeanza kuchambua.

Hatua ya 4: Sikiliza mapigo, usihesabu mizani peke yake (siku ya 5)

Hapa waliosoma ushairi wa Kiswahili huteleza kwa sababu ya ujuzi wao mzuri. Tumezoea kuhesabu mizani, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Kiswahili kinaweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, basi hatuna haja ya kuufikiria. Kiingereza hakina kanuni hiyo, na mshairi wa Kiingereza anacheza na mkazo wenyewe. Mstari wa kawaida wa soneti una silabi 10 na mapigo matano: silabi nyepesi, kisha nzito, mara tano.

Jaribu mstari wa mwisho: "And death shall be no more, Death, thou shalt die." Hesabu silabi kwa vidole: 10. Sasa gonga meza kwenye silabi nzito. Mwanzo unakwenda sawa, nyepesi-nzito, nyepesi-nzito, nyepesi-nzito: "and DEATH shall BE no MORE". Kisha kuna kituo. Baada ya kituo, "Death" inaangukia mahali ambapo sikio lilitarajia silabi nyepesi, na inapigwa kwa nguvu. Mapigo yanajikwaa palepale nafsineni anapomgeukia adui na kumwita jina.

Huo ni ushahidi. Unaingia kwenye insha kwa sentensi mbili.

Tahadhari mbili. Kwanza, mstari wa 1 utakupa silabi 9 ukiisoma "called" kama leo. Ili zitimie 10 inasomwa kwa silabi mbili, "call-ed", na baadhi ya matoleo huweka alama juu ya "e". Usiandike kwamba mshairi alikosea mizani. Pili, alama za uandishi hutofautiana kati ya toleo na toleo: mahali pamoja utaona nukta mkato mstari wa 14, pengine koma tu. Ukijenga hoja juu ya kituo hicho, taja toleo lako.

Vina visikuchukulie muda. ABBA ABBA CDDC EE. Vitaje tu kama vinasaidia dai lako; aya nzima ya kutaja mpangilio wa vina ni maneno 150 yaliyopotea.

Hatua ya 5: Weka Maandiko mahali pake (siku ya 6)

Hii ndiyo hatua ya chuo cha Kikristo, na inahitaji uangalifu kuliko zote.

Katika insha ya fasihi Biblia ina milango mitatu ya kuingilia. Wa kwanza ni kama chanzo cha mwangwi: shairi linarudisha sauti ya mstari fulani, nawe unaonyesha limeurudishaje na limebadilisha nini. Wa pili ni kama swali: matini inagusa jambo la imani na kulitia mashakani au kulisukuma mahali papya. Wa tatu ni mwitikio wako kama muumini, na huu unafunguliwa pale tu swali linapouomba. Kozi nyingine huuomba wazi, kwa kawaida katika sehemu ya mwisho. Kama haukuombwa, ufunge.

Kwa soneti yetu mwangwi uko wazi. 1 Wakorintho 15:26: "Adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti." Ufunuo 21:4: mauti haitakuwapo tena. Picha ya kufa kama kulala iko 1 Wathesalonike 4:13, kwa "waliolala mauti". Anayeandika mahubiri atanukuu mistari hiyo na kusema Amina. Anayechambua atauliza: mistari 12 ya kwanza imetumia wapi Maandiko? Karibu haikutumia. Inabishana kwa usingizi, sumu, vita, wafalme, kasumba. Ahadi ya ufufuo inaingia mstari wa 13. Kwa nini ameichelewesha hivyo?

Sasa mitego ya miaka, kwa sababu hapa ndipo alama hupotea kizembe:

King James ilitoka mwaka 1611. Wataalamu wengi huziweka soneti za kidini za Donne, ikiwemo hii, takribani 1609 hadi 1611. Ukiandika kwamba Donne "ananukuu King James" utakuwa umedai jambo ambalo kalenda haikupi uhakika nalo. Andika kwamba shairi linarudisha mwangwi wa 1 Wakorintho 15, kisha nukuu King James kama tafsiri uliyoitumia wewe.

Donne aliwekewa mikono ya upadre wa Anglikana mwaka 1615, akawa mkuu wa kanisa la St Paul's, London, mwaka 1621, akafariki 1631. Mashairi yake yalichapwa kitabuni 1633, baada ya kifo chake. Kwa hiyo "kasisi Donne anawahubiria waumini wake katika shairi hili" ni kosa mara mbili: huenda hakuwa kasisi bado, na anayesema ndani ya shairi ni nafsineni, siyo mtu aliye kwenye wasifu.

Neno kwa mwanafunzi Mwislamu, maana wapo wengi katika vyuo hivi: kinachopimwa ni kuujua mstari na kuona shairi limeufanyia nini. Hilo halidai ubatizo. Mara nyingine macho yasiyouzoea mstari ndiyo yanayoona jinsi ulivyogeuzwa.

Hatua ya 6: Andika dai kuu (siku ya 7)

Usiguse kompyuta kabla ya hapa.

Dai ni sentensi moja au mbili. Lipime kwa maswali matatu: mtu aliyesoma shairi anaweza kulikataa? Lina sehemu zinazoweza kuonyeshwa kwenye mistari? Linajibu swali lililoulizwa? Tazama ngazi hii; naiweka kwa Kiswahili ili mantiki ionekane, wewe utaandika kwa Kiingereza.

Dai lililokufa: *Shairi hili linahusu mauti na linatumia tamathali nyingi za semi.* Hakuna wa kulipinga, basi hakuna insha.

Mahubiri: *Shairi hili linatufundisha tusiogope mauti kwa kuwa Yesu amefufuka.* Yawezekana ni kweli. Lakini halihitaji shairi ili lithibitishwe.

Dai hai: *Hoja za nafsineni katika mistari 12 ya kwanza zinagongana zenyewe na haziishindi Mauti, ushindi unakuja katika mistari miwili ya mwisho, ambapo anaacha kubishana na kuanza kutangaza.*

Hili la tatu linapingika. Mtu anaweza kusema hoja zile zina nguvu, au kwamba migongano ni mbinu ya kuidhihaki Mauti. Vizuri. Andika pingamizi hilo kwenye daftari, kwa sababu litakuwa aya yako ya tano au ya sita.

*Umefaulu ikiwa* mwenzako akilisikia dai anasema "mh, una uhakika?" Akisema "sawa" tu, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 7: Jenga aya (siku ya 8 hadi 10)

Maneno 1,500 ni aya saba au nane za maneno 180 hadi 220, kurasa tano na kitu kwa nafasi mbili. Panga hivi: utangulizi mfupi unaoishia na dai, mbili au tatu juu ya hoja zinazogongana, moja juu ya mapigo ya mstari wa 14, moja ya pingamizi, moja ya mwangwi wa Maandiko, hitimisho.

Utangulizi usianze na uumbaji wa dunia. "Tangu zamani wanadamu wamekuwa wakiogopa mauti" ni sentensi ya kufuta kila ukiiona. Anza na mshairi, shairi, tatizo.

Ndani ya aya, fuata mwendo huu: sema unachodai, leta maneno machache ya shairi, fungua maneno hayo, yafunge kwenye dai kuu. Nukuu ya maneno matatu hadi manane inatosha. Kwa kila mstari mmoja ulionukuu, andika angalau miwili ya kuufungua. Nukuu isiyofunguliwa ni kama mgeni uliyemkaribisha sebuleni ukaondoka.

Mfano wa aya, kwa Kiswahili tena:

*Hoja ya usingizi inajila yenyewe. Mwanzoni nafsineni anafanya hesabu: ikiwa usingizi, ambao ni "picha" tu ya Mauti, unaleta raha, basi asili yake italeta raha zaidi (5-6). Hesabu hiyo inaipa Mauti sifa. Mistari mitano baadaye anaipokonya: kasumba nayo hulaza, tena "better than thy stroke" (12). Neno "stroke" ni pigo, na pigo si raha. Nafsineni hawezi kushika yote mawili, na swali lake "why swell'st thou then?" linafika kana kwamba kesi imeshathibitishwa, kumbe mashahidi wake wamepingana.*

Aya hiyo haijasimulia shairi, ingawa anayeisoma anaelewa shairi linasema nini. Hapo ndipo tofauti ya muhtasari na uchambuzi ilipo. Jipime kwa rangi: kwenye rasimu, paka njano kila sentensi inayosema *kinachotokea*, na kijani inayosema *kinafanyaje kazi au kwa nini kina maana*. Njano ikizidi theluthi moja ya aya, punguza.

Kuhusu akili mnemba: ukiiuliza ikupe nukuu, inaweza kukupa mistari ambayo haimo kwenye shairi na makala ambazo hazijawahi kuandikwa, kwa ujasiri kamili. Kila nukuu itoke kwenye karatasi iliyo mbele yako. Sera ya chuo kuhusu matumizi yake iko kwenye muhtasari wa kozi. Isome kabla, si baada ya kuitwa ofisini.

Hatua ya 8: Safisha Kiingereza (siku ya 11 na 12)

Acha rasimu ilale siku moja. Kisha isome kwa sauti ukitafuta makosa yanayotoka kwenye Kiswahili chetu, moja kwa kila usomaji:

Jinsia. Kiswahili kina "a-" kwa wote, kwa hiyo "he" na "she" hubadilishana bila kuonekana. Kwa Mauti chagua "Death" na kiwakilishi kimoja, ukishike hadi mwisho.

"The" na "a". Hatuna vitu hivi, ndiyo maana vinapotea. Pitia kila nomino peke yake na uulize: msomaji anajua ni kipi ninachokitaja?

Njeo. Matukio ya ndani ya matini huandikwa kwa wakati uliopo: "the speaker claims". Maisha ya mwandishi huandikwa kwa wakati uliopita: "Donne was ordained in 1615".

Maneno ya ziada: "discuss about", "despite of", "can be able to". Tumia kitufe cha kutafuta kwenye programu, yafute yote kwa dakika tano.

Vitenzi vilivyochoka. "Says" na "talks about" vikijaa ukurasa, badilisha baadhi kuwa "insists", "concedes", "mocks". Lakini chagua kwa maana: ukiandika "concedes", lazima nafsineni awe amekubali jambo.

Weka lugha ya programu kuwa Kiingereza cha Uingereza, la sivyo itakusahihishia tahajia kuwa ya Kimarekani, nawe utachanganya zote mbili katika ukurasa mmoja.

Hatua ya 9: Nukuu, pambizo na marejeo (siku ya 13)

Kama kozi inatumia MLA (mtindo mmoja wa marejeo), kanuni zinazokosewa ni chache. Pambizo sentimita 2.54 pande zote. Nafasi mbili kati ya mistari (Ctrl na 2 kwenye Word). Jina la ukoo na namba ya ukurasa juu kulia.

Mistari miwili au mitatu ya shairi ikinukuliwa ndani ya sentensi hutenganishwa kwa mkwaju wenye nafasi pande zote. Zaidi ya mitatu inajitenga yenyewe, imesogezwa ndani, bila alama za kunukuu. Mabano ya kwanza yana neno "lines" na namba. Yanayofuata ni namba peke yake. Ni namba za mistari, siyo za kurasa.

Biblia ina sura na aya kwa nukta: 1 Cor. 15.26. Mara ya kwanza taja tafsiri. Usinukuu Union Version kwa Kiswahili ndani ya insha ya Kiingereza isipokuwa unajadili tafsiri yenyewe. Kanuni hiyohiyo inahusu tamthilia: *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, inakusaidia sana kuielewa hadithi na sauti za wahusika, lakini ukinukuu, nukuu Kiingereza cha Shakespeare.

Kozi ikitaka APA, mtindo mwingine wa marejeo, fuata APA. Kinachokera ni kuchanganya.

Hatua ya 10: Kuchapa na kukabidhi (siku ya 14)

Hifadhi kama PDF kabla ya kwenda steshenari. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine, fonti hubadilika, kurasa zinaruka, na namba za juu zinapotea. Jitumie kwa barua pepe pia, kwa sababu flashi za steshenari hurudi na virusi. Nenda asubuhi, saa kumi jioni ya siku ya mwisho foleni ni ndefu na wino umeshafifia.

Kabla ya kubana karatasi, hakiki mambo manne: jina na namba ya usajili, swali limenakiliwa kamili, kurasa zimefuatana, kila nukuu ina namba ya mstari. Kama kuna mfumo wa kukagua wizi wa kitaaluma, pandisha PDF mapema ili ripoti itoke ukiwa na muda wa kurekebisha. Mistari ya shairi itaonekana imefanana na vyanzo vingine, na hilo ni la kawaida. Aya nzima ya maelezo *yako* ikionekana imefanana na ya mtu, ondoa na uandike upya kutoka kwenye daftari.

Piga picha ukurasa wa kwanza pamoja na daftari la kusaini mapokezi. Insha zikirudi, soma maoni kabla ya alama, yanakili nyuma ya daftari lako, na uyafungue siku ya 1 ya insha inayofuata, kabla hujalizungushia swali kitenzi chake.